Boksi, salfeti au ndoo: ulinganisho wa vifungashio kwa anayehamisha vyombo Arusha na Moshi

Mtu akishapata nyumba na kumalizana na dalali, jambo linalofuata kuulizwa ni gari, na jibu lake hupatikana upesi kwa sababu madereva wa kirikuu, yale magari madogo ya mizigo, na wa Canter, ambayo ni malori madogo, wanaegesha karibu na kila soko. Swali la vyombo vifungwe ndani ya nini huachwa hadi usiku wa mwisho, duka la jirani likiwa limeshafungwa na kilichobaki nyumbani ni salfeti mbili za mahindi, yaani magunia ya nyuzi za plastiki, na rundo la mashuka. Nimehama mara nne, tatu kati ya hizo ndani ya Arusha na moja kutoka Sakina kwenda Pasua mjini Moshi, na kila safari nilitumia vifungashio tofauti, mara nyingine kwa kuchagua na mara nyingine kwa kukosa namna. Ninavilinganisha hapa kwa mambo manne: kinavyohimili kubanwa, kinavyozuia unyevu, kinavyozuia vumbi, na jinsi unavyokipata kitu chako siku ya kufungua mzigo. Hilo la nne nalipa uzito kuliko mengine yote. Siku ya kufunga una nguvu na una nafasi ya kurekebisha, ilhali siku ya kufungua umechoka, watoto wana njaa, na pengine hata umeme wa nyumba mpya hujanunua.

Boksi

Boksi lina sifa moja ambayo kifungashio kingine cha bei nafuu hakiifikii, nayo ni kupangika. Pembe zake nne ndizo zinazobeba uzito wa kilicho juu yake, kwa hiyo maboksi yaliyojazwa sawasawa yanaweza kusimama matatu kwenda juu ndani ya gari bila la chini kubonyea. Nimesema yaliyojazwa kwa makusudi. Boksi lililojaa nusu ni hatari kuliko kutokuwa na boksi kabisa, maana mfuniko wake hauna kinachouegemeza, na likiwekewa mzigo juu linazama katikati na kuvunja kile ulichodhani umekilinda. Nafasi inayobaki juu ijazwe kwa taulo, fulana au mapazia mpaka ukitikisa usisikie kitu kinasogea.

Maboksi mazuri hayalazimu kununuliwa mapya. Maduka ya jumla ya kuzunguka Soko Kuu na Kilombero kwa Arusha, na yale ya karibu na Mbuyuni kwa Moshi, yana maboksi ya mafuta ya kula, ya sabuni na ya biskuti, na mwenye duka anayekufahamu hukupa bure au kwa bei ya soda. Ya mafuta ni magumu kwa sababu yalitengenezwa kubeba uzito, ila chunguza kwanza kama hayana doa la mafuta, kwa kuwa karatasi iliyolowa mafuta hulegea na kunuka. Ya biskuti ni mapana na mepesi, yanafaa kwa mapazia na vyombo vya plastiki lakini hayafai kwa chochote kizito. Maboksi ya vinywaji yenye vigawanyio ndani ni hazina kwa mwenye glasi nyingi, kwa kuwa kila glasi inapata chumba chake.

Kwa vitabu, nyaraka na vifaa vya shule sijaona kinacholishinda boksi la karatasi za A4. Rimu moja ya karatasi za gramu 80 ina uzito wa kilo 2 na nusu, na boksi lina rimu 5, maana yake liliundwa kubeba kilo 12 na nusu, na nyingi zina mfuniko unaoingia bila kuhitaji gundi. Nenda kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi wiki mbili kabla ya kuhama, uombe wakuwekee. Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya mara moja maishani ni kuweka vitabu kwenye boksi kubwa zaidi lililopo. Boksi dogo tu la sentimita 30 kila upande likijaa vitabu linakaribia kilo 20, na boksi la ukubwa wa televisheni likijaa vitabu halinyanyuliki, au linanyanyuka na kuacha kitako chake sakafuni. Langu lilifanya hivyo ngazini Kaloleni, na kamusi ikafika chini kabla yetu.

Sahani zisilazwe ndani ya boksi. Zisimamishwe kwa ubavu kama vitabu rafuni, kila moja ikiwa na kitu cha kuitenga na jirani yake. Sahani iliyolala inapokea mshtuko wa tuta la barabarani katikati ya uso wake, mahali ilipo dhaifu, na zikiwa kumi zimelaliana, ya chini inabeba uzito wa zote tisa. Iliyosimama inapokea mshtuko ukingoni, ambako ni imara zaidi. Kati ya Usa River na Boma Ng'ombe matuta ni mengi kiasi cha kuipima kanuni hiyo vya kutosha.

Udhaifu wa boksi ni maji. Karatasi ngumu hupoteza nguvu inapopata unyevu, wala haihitaji kunyeshewa. Kuliacha usiku kucha juu ya sakafu ya saruji wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kunatosha kulegeza kitako chake. Kwa hiyo anayehama miezi hiyo atandike turubai au mbao chini, apige selotepu pana mistari miwili kwenye kitako badala ya mmoja, na asilifunge boksi siku nyingi kabla ya safari.

Salfeti

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, lile rundo la mifuko lililokuwa nyuma ya kila mlango wa jikoni halipo tena, na mifuko mbadala iliyochukua nafasi yake haina mikono ya kubeba mzigo wa kuhama. Salfeti imejaza pengo hilo. Ni nafuu, inakunjika ikawa ndogo, haichaniki kirahisi, na ikishatumika inarudi kuhifadhi mahindi. Bei niliyotajiwa mara ya mwisho kwa boksi moja tupu jipya ilinitosha kununua salfeti mbili kubwa zilizotumika.

Kwa nguo, mashuka, mablanketi, mito, viatu na vyombo vya plastiki, salfeti inalishinda boksi bila ubishi. Vitu laini haviogopi kubanwa, na salfeti iliyojaa nguo inaingia kwenye kila mwanya wa gari ambao boksi haliwezi kuuingia, hivyo inageuka kuwa mto wa kuzuia kabati lisigongane na friji. Ukitaka kuufunga mdomo vizuri, acha ile tabia ya kuuzungushia kamba kama shingo ya kuku. Tafuta shazia na uzi wa katani, ushone mishono sita au saba mipana. Salfeti iliyoshonwa inakuwa na pembe mbili za kushika, watu wawili wanaibeba bila kuiburuta, na haifunguki njiani.

Kwa vyombo vya kuvunjika nasema wazi kwamba salfeti haifai, hata ukiwa mwangalifu vipi. Nilipohama kutoka Kwa Mrombo nilifunga jikoni yote ndani ya salfeti tatu. Chupa ya chai niliiviringisha taulo na kuiweka katikati ya sufuria mbili, nikaamini imekaa salama. Tulipofika, kwa nje haikuwa na hata mkwaruzo. Nilipoiinamisha nikasikia vipande vikichacharika ndani kama kokoto kwenye debe, maana chupa za aina ile zina kioo chembamba kwa ndani, na kijana aliyekuwa juu ya gari alikuwa ameishusha salfeti kwa namna ambayo kila mtu hushusha salfeti, yaani kwa kuiachia. Sikumlaumu sana. Umbo la kifungashio ndilo linalomwambia mpakuaji namna ya kukishika, na salfeti inamwambia kuwa ndani mna mahindi.

Ubaya wa pili ni kwamba salfeti haina juu wala chini, na kilichotangulia kuingia ndicho kinachochelewa kutoka. Katika salfeti hizo hizo za Kwa Mrombo kulikuwa na bolti za kitanda, zikiwa ndani ya kikombe, kikombe kikiwa ndani ya sufuria, na tulilala godoro likiwa sakafuni kwa siku tatu. Tangu hapo bolti na nati za kitanda nazitia kwenye soksi na kuifunga soksi kwenye ubao wa kichwani wa kitanda chenyewe.

Chunguza pia salfeti ilibeba nini kabla yako. Ya mbolea usiitumie kwa nguo wala vyombo vya chakula, hata ikiwa imefuliwa. Ya sukari mara nyingi huwa na mfuko wa nailoni ndani, jambo linaloifanya ifae kwa mablanketi wakati wa mvua, lakini igeuzwe na kukung'utwa vizuri, la sivyo sisimizi watahama pamoja nawe. Iliyokaa juani muda mrefu ikivutwa hutoa nyuzi nyeupe zinazokatika kama majani makavu, na hiyo imeshakwisha hata kama haijatoboka. Mfuko wa saruji usiutumie kabisa. Magunia ya katani, ambayo Moshi bado yanaonekana kwa sababu ya kahawa, ni imara sana lakini nywele zake hunasa kwenye sweta na mablanketi, nami nayaona yanafaa zaidi kwa jembe, panga, kinu na mchi.

Begi la shangazi kaja ni salfeti iliyowekewa zipu na mikono. Linafaa kwa vitu vile vile, linapendeza zaidi na linafungika haraka, ila zipu yake hukata tamaa mapema ukilishindilia.

Ndoo, masufuria na mabegi yaliyopo

Kifungashio hiki hakina gharama, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko haipitishi maji, haibonyei na ina mkono wa kubebea, kwa hiyo inalishinda boksi na salfeti kwa pamoja katika kubeba unga, mchele, viungo, sabuni za maji na vikombe vya kila siku. Masufuria yaingizwe moja ndani ya jingine, kila moja likiwa na kitambaa kati yake na mwenzake ili yasichubuane, na ndani ya dogo kuliko yote ziwekwe vijiko na visu vilivyofungwa pamoja. Hotipoti ni boksi dogo lenye sponji tayari, na mimi huwa naweka vibakuli vya udongo humo. Sanduku la magurudumu libebe vitabu, kwa kuwa ndilo peke yake linaloweza kuburutwa. Wengi hulijaza nguo, ambazo zingetosha kabisa kwenye salfeti.

Cha kuviringishia: gazeti, majani ya mgomba au kanga

Gazeti kuukuu ndilo linalotumiwa na wengi, na linajaza nafasi vizuri likifinyangwa. Tatizo lake ni wino, unaohamia mikononi na kwenye sahani nyeupe, hivyo vyombo vyote vinapaswa kuoshwa upya usiku ule ule ambao pengine bomba la nyumba mpya hujalijua saa zake.

Majani makavu ya mgomba ni jambo la kwetu huku, na anayehama kutoka au kwenda upande wa Kilimanjaro asiyapuuze. Wakulima wameyatumia miaka mingi kupakia matunda kwenye matenga, kwa sababu yana tabaka zenye hewa na hurudi katika umbo lake yakibanwa. Kwa mitungi ya udongo, vyungu na glasi kubwa nayapa nafasi ya kwanza kuliko gazeti. Lakini yawe makavu kweli kweli, ya kahawia na yenye kulia ukiyashika, kwa kuwa jani lenye ubichi bado lina utomvu, na doa la utomvu wa mgomba kwenye kitambaa halitoki. Yaanikwe juani na kukung'utwa ili wadudu watoke. Usiyatumie karibu na nguo wala vitabu.

Kanga, vitenge na taulo zina faida moja kubwa, kwamba ni lazima zihame vyovyote iwavyo, kwa hiyo hazichukui nafasi ya ziada. Kanga moja inaviringisha sahani nne kwa kupishana, mkunjo mmoja kwa sahani moja. Nilipohamia Moshi nilitumia kanga na taulo peke yake kwa sahani na vikombe, majani ya mgomba kwa vyungu viwili vya mama, na kilichovunjika kilikuwa mfuniko mmoja wa bakuli.

Ufunge mwenyewe au uwaachie vijana

Vijana wa kupakia huja na gari au hukodiwa sokoni, na kasi yao ni ya kuonea wivu, kwani nyumba ya vyumba vitatu wanaimaliza asubuhi moja. Wewe mwenyewe utahitaji jioni kumi au zaidi. Kwa samani kubwa ninawapendelea wao bila kusita, maana wanajua kutoa kabati mlangoni bila kung'oa fremu. Kwa vilivyomo ndani ya kabati sikubali tena. Kijana hufunga kwa chumba anachokiona mbele yake na kwa ukubwa wa salfeti aliyoshika, na ni haki yake, kwa kuwa hajui kwamba dawa za bibi zinahitajika saa mbili usiku. Mara moja niliwaachia kila kitu kwa sababu ya safari ya kikazi, na pasi ilipatikana ndani ya beseni la viatu vya mvua baada ya majuma mawili.

Kampuni za kuhamisha mizigo zinazokuja na maboksi na wafungaji wao zipo pia. Zinamfaa mwenye vyombo vingi vya thamani au anayelipiwa na mwajiri. Ukizitumia, orodhesheni vitu pamoja kabla havijafungwa, na orodha isainiwe na pande zote mbili, kwa sababu bila karatasi hiyo mjadala kuhusu mkwaruzo wa meza hauna mwisho.

Kirikuu au Canter

Uchaguzi wa gari unabadilisha uchaguzi wa kifungashio, ndiyo maana nauleta hapa. Magari madogo ya Kijapani ya aina ya kirikuu yalipangiwa kubeba kilo 350, na kitanda chake cha mizigo kina urefu usiofika mita 2 na upana wa mita 1.4 hivi. Godoro la sita kwa sita lina sentimita 183 kila upande, kwa hiyo halilali humo bali husimamishwa kwa ubavu au hukunjwa, na kando yake salfeti hukaa vizuri kuliko maboksi. Ndani ya mji, kwa mfano kutoka Ngarenaro kwenda Olasiti, safari tatu za kirikuu zina faida kwamba unaweza kupeleka jikoni kwanza na kuikuta imeshapangwa samani zinapofika. Mitaa yenye vichochoro pia inaikubali kirikuu peke yake.

Kwa kilomita 80 za Arusha hadi Moshi hesabu inageuka, kwa kuwa kila safari ya ziada ni kwenda na kurudi. Hapo nashauri Canter moja, maboksi yakiwa mbele karibu na kichwa cha gari, samani katikati zikiwa zimesimama, na salfeti za nguo zikiziba mapengo. Turubai lifungwe hata kama mbingu ni nyeupe, maana vumbi la mitaa isiyo na lami linaingia ndani ya salfeti kwa kupita katikati ya nyuzi zake. Friji isimame wima muda wote, na ikilazimika kulazwa iachwe imesimama siku nzima kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, utolewe regulata, usimame wima na usikae ndani ya chumba cha dereva.

Nichague nini basi

Anayehama na chumba kimoja na sebule ndani ya mji huo huo, wakati wa kiangazi, hana haja ya kuhangaika na maboksi zaidi ya matatu, yaani moja la vyombo vya kuvunjika na mawili ya A4 kwa vitabu na nyaraka. Vilivyobaki viingie kwenye salfeti, ndoo na mabegi. Mwenye familia na jikoni iliyokamilika, hasa anayekwenda mji mwingine, aanze kukusanya maboksi mwezi mmoja kabla, afunge mwenyewe jikoni, vitabu na dawa, awaachie vijana samani, na salfeti zake zisizidi nguo na matandiko. Kila boksi liandikwe kwa makapeni ubavuni, kwa sababu maandishi ya juu hayasomeki maboksi yakishapangana. Salfeti iandikiwe kwenye kipande cha boksi kilichoshonewa mdomoni. Jina la chumba cha nyumba mpya ndilo liandikwe, wala si la chumba kilikotoka, ili mpakuaji asikuulize kila anapoingia mlangoni.

Anayeshuka Moshi aongeze jambo moja. Arusha iko kwenye mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Moshi iko chini yake kwa mita mia kadhaa, kwa hiyo mablanketi mazito yanaweza kwenda chini kabisa ya salfeti ya mwisho. Chandarua kiende kwenye ndoo ya usiku wa kwanza, pamoja na shuka moja kwa kila mtu, sufuria dogo, majani ya chai, sukari, kiberiti, tochi, dawa, bisibisi, spana ya kitanda na sabuni. Ndoo hiyo haipandi kwenye gari la mizigo. Inakaa miguuni pako mpaka mnafika.